Kasa wa Baharini na Kijidege cha Gramu Kumi

Wasomaji wa milimani hawakuzoea kusoma habari za kasa, nao wavuvi wa pwani hawana haja kubwa na vijidege vya Nyeri. Hata hivyo tumeona vema kuwaeleza wanyama hawa wawili kwa pamoja, maana mmoja akiwekwa kando ya mwenziwe hudhihirika mambo ambayo hayaonekani kila mmoja akitazamwa peke yake.

Tuanze na yule aliye karibu. Mtu wa Giakanja akitoka nyumbani asubuhi ya mwezi wa Novemba, akatazama juu ya miwati, mikaratusi au ua la shamba lake, huenda akaona ndege mwembamba sana, mgongo wake wa kijani kilichofifia, tumbo lake jeupe lenye manjano kidogo, na juu ya jicho pana mstari wa rangi hafifu. Hatulii hata kidogo. Huruka kutoka jani hata jani, akichungulia chini ya kila moja na kudonoa chawa wa mimea, viwavi na wadudu wengine wadogo. Wataalamu humwita Phylloscopus trochilus. Neno la kwanza limetoka katika Kiyunani, na maana yake ni mtazamaji wa majani. Sisi humu tutamwita mkagua-majani, kwa kuwa ndiyo kazi yake ya mchana kutwa. Si mwenyeji wa Nyeri. Huja mnamo Septemba na Oktoba, naye huondoka mnamo Machi na Aprili, kwenda kuzaa katika nchi za kaskazini.

Kasa tunayemtaja ni yule mkubwa alaye nyasi za baharini, ambaye nyama yake imetafutwa na watu tangu zamani. Si kobe wa nchi kavu, wala si ng'amba, ambaye magamba yake mazuri yalikuwa bidhaa ya pwani hii tangu miaka karibu elfu mbili iliyopita. Katika bahari ya Kenya hupatikana aina tano za kasa, na tatu kati ya hizo hutaga mayai katika fukwe zetu.

Watu wengi hudhani ya kuwa kasa ni jamaa wa mjusi, kwa sababu wote wawili wana magamba na damu yao ni baridi. Lakini uchunguzi wa chembe za urithi uliotolewa mwaka wa 2012 ulionyesha kwamba ukoo wa kasa na kobe uko karibu zaidi na ukoo wa ndege na mamba kuliko ule wa mijusi na nyoka. Basi, kwa hesabu ya nasaba, mkagua-majani huhesabiwa binamu wa kasa kabla mjusi hajatajwa. Nasaba hiyo iligawanyika zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, kwa hiyo si ajabu kwamba hakuna aliyebaki na sura ya mwenziwe.

Kwa uzito hawalingani kabisa. Mkagua-majani ana gramu tisa au kumi, kama vijiko viwili vidogo vya sukari. Kasa aliyekomaa aweza kuwa na kilo 130, zaidi ya magunia mawili ya kahawa safi ya kilo sitini sitini. Ingehitajika ndege 13,000 kulingana na kasa mmoja katika mizani. Damu ya ndege ina joto la digrii kama 41 usiku na mchana, na ili moto huo usizimike yampasa ale kila siku. Joto la kasa hufuata joto la maji, naye akipumzika aweza kukaa chini ya maji kwa saa kadhaa bila kuvuta pumzi. Wavuvi husema ya kwamba kasa apandapo ufukweni hulia. Machozi kweli yapo, lakini si ya huzuni: nyuma ya macho yake zimo tezi za kutoa chumvi ya bahari mwilini, nazo hufanya kazi hiyo hata akiwa majini, mahali ambapo hapana awezaye kuyaona.

Sasa tufike katika jambo la mayai, ambalo ndilo hasa linalowatenga.

Jike la mkagua-majani hujenga kiota chini, katikati ya nyasi, chenye paa na mlango wa ubavuni. Hutaga mayai kama sita, naye huyaatamia muda wa majuma mawili hivi. Makinda yakiisha kuanguliwa, baba na mama huyalisha pamoja, wakienda na kurudi mara mamia kwa siku moja, na baada ya majuma mengine mawili makinda huruka. Mwaka unaofuata, kinda lililosalia huwa lenyewe mzazi.

Mambo ya kasa ni kinyume. Jike hupanda ufukweni usiku, akijikokota kwa nguvu, huchimba shimo kwa mapezi ya nyuma, hutaga mayai kama 110 yenye ukubwa wa mpira wa meza, hufukia, hurudi baharini, na wanawe hatawaona. Katika msimu mmoja aweza kufanya hivyo mara tatu hadi tano, kila baada ya majuma mawili hivi, kisha hupumzika miaka miwili, mitatu au minne. Mchanga ndio uatamiao. Na mchanga huo hufanya zaidi ya kuatamia, maana wakati wa kutungwa mtoto wa kasa bado hajawa dume wala jike. Mchanga ukiwa na joto la digrii zaidi ya 29 hivi, walio wengi huwa majike. Ukiwa baridi zaidi, huwa madume. Huko Australia, katika fukwe za joto za kaskazini, wataalamu walitoa habari mwaka wa 2018 kwamba karibu kasa wote wachanga waliozaliwa upande huo walikuwa majike. Jambo hilo halimhusu ndege, kwa kuwa mama huweka joto la kiota kwa kifua chake mwenyewe.

Baada ya miezi miwili hivi watoto hutoka mchangani, kila mmoja ana gramu kama 25, nao hukimbilia bahari. Kaa huwala, ndege wa pwani huwala, samaki huwala. Atakayesalia atakaa baharini miaka ishirini, thelathini, pengine arobaini, kabla ya kutaga yai lake la kwanza.

Tufanye hesabu ndogo, na msomaji aichukue kuwa mfano tu. Tuseme jike la kasa amejaliwa kutaga katika misimu kumi ya maisha yake, mara nne kila msimu, mayai 110 kila mara. Jumla ni mayai 4,400. Ili kasa wasipungue wala wasiongezeke, yatosha wawili tu kati ya hao wafike utu uzima, dume mmoja na jike mmoja, wachukue mahali pa wazazi wao. Yaani yai moja katika 2,200. Jike la mkagua-majani, akijaliwa miaka miwili ya kuzaa, hutaga mayai kumi na mawili, nayo pia yapasa kutoa wawili. Yaani yai moja katika sita. Yai la ndege, basi, lina bahati mara mia kadhaa kuliko yai la kasa.

Lakini wakiisha kukomaa, bahati hugeuka. Karibu nusu ya wakagua-majani wakubwa hufa kila mwaka, kwa njaa, kwa mwewe, kwa dhoruba za njiani. Kasa aliyekomaa, kwa upande wake, hana adui ila papa mkubwa na mwanadamu, naye aweza kuishi miongo mingi akitaga. Mkulima wa Giakanja atalifahamu jambo hili upesi kuliko mtu wa mjini. Mkagua-majani ni kama maharagwe: msimu mmoja ukiharibika na unaofuata ukawa mwema, ghala hujaa tena. Kasa ni kama ule mzeituni wa mwitu ambao Wakikuyu huuita mutamaiyo. Mbegu zake nyingi huliwa na kuoza wala hapana anayezihesabu, lakini ukiukata ule uliosimama, atakayeuona mwingine wa unene huo ni mjukuu wako.

Kwa muda mrefu hata watu wenye nia njema hawakuliangalia hili. Walilinda mayai ufukweni, wakadhani kazi imekwisha. Mwaka wa 1987 wataalamu watatu wa Marekani, Deborah Crouse, Larry Crowder na Hal Caswell, walitoa hesabu yao juu ya aina nyingine ya kasa, wakaonyesha kwamba hata mayai yote yakilindwa, kasa wataendelea kupungua ikiwa wakubwa, na wale walio karibu kukomaa, wanakufa katika nyavu. Hesabu hiyo ilisaidia kuleta amri kwa mashua za kuvulia kamba katika Marekani zitie ndani ya nyavu zao kiunzi chenye mlango wa kumtoa kasa. Nasi twaona kwamba ni mara chache karatasi ya hesabu kuokoa wanyama wengi namna hiyo.

Liko jambo moja ambalo kasa na mkagua-majani wanafanana, nalo ni safari.

Mkagua-majani wa mbali kuliko wote huzaliwa mashariki kabisa ya Urusi, karibu na mahali Asia inapotazamana na Marekani. Mwaka wa 2018 ilitolewa habari ya ndege wa huko waliofungwa mgongoni chombo kidogo chenye uzito wa sehemu tu ya gramu moja. Chombo hicho hakina redio. Huandika tu saa ya mwanga na saa ya giza, na ndege akikamatwa tena mwaka unaofuata, nyakati za macheo na machweo huonyesha alikopita. Ilionekana kwamba walisafiri kama kilomita 13,000, yaani zaidi ya maili 8,000, mpaka Afrika ya Mashariki. Husafiri usiku, na mchana hula na kupumzika. Kabla ya kuondoka hunenepa sana, na mafuta hayo ndiyo petroli yake. Kinda la miezi michache hufanya safari hiyo bila kuongozwa na wazazi.

Kasa naye si mvivu. Kasa waliotaga katika kisiwa cha Diego Garcia, katikati ya Bahari ya Hindi, walifungwa vyombo vya kusikika kwa setilaiti, na mmoja wao alifuatwa mpaka pwani ya Somalia, mwendo wa karibu kilomita 4,000. Akiisha kula huko kwa miaka kadhaa, hurudi kutaga upande ule ule alikozaliwa.

Wanajuaje njia? Hapo ndipo binamu hawa hukutana tena. Dunia ni kama sumaku kubwa, na nguvu yake hupita kila mahali, ikiinama kuelekea ardhini kwa pembe mbalimbali: karibu na ncha za dunia huinama sana, na katikati ya dunia hulala. Katika miaka ya 1960 Wolfgang Wiltschko wa Frankfurt, Ujerumani, aliweka ndege wadogo wenye desturi ya kuhama ndani ya vizimba vilivyozungukwa na nyaya za umeme, akaigeuza sumaku kwa umeme huo, na ndege wakageuza upande waliotaka kwenda. Katika miaka ya 1990 Kenneth Lohmann na wenzake waliwafanyia watoto wa kasa jambo kama hilo huko Marekani, ndani ya tangi la maji, nao pia wakageuka. Zaidi ya hayo, mtoto wa kasa asiyepata kuogelea baharini akiwekwa katika sumaku iliyofananishwa na ya sehemu fulani ya bahari ya mbali, hushika upande ule ambao ungemfaa kama angalikuwa kweli mahali hapo. Ni kama kwamba amezaliwa na ramani.

Lakini dira yao si kama ile ya nahodha. Haimwambii mnyama kaskazini ni wapi na kusini ni wapi. Humwambia tu upande wa kwenda kwenye ncha ya dunia, na upande wa kwenda katikati yake. Ndege atokaye Urusi hufika juu ya Ethiopia, mahali ambapo nguvu ya sumaku hulala kabisa, na akivuka hapo kuja kwetu, amri ya "nenda katikati ya dunia" ingemrudisha alikotoka. Mwaka wa 1992 Wiltschko na mkewe Roswitha walionyesha kwamba ndege wa ukoo mwingine, ambao nao hupita Kenya, wakiisha kukaa katika sumaku iliyolala hugeuza amri hiyo, wakaendelea mbele.

Wala mtu asidhani kwamba dira hizi hazikosei. Ng'amba mmoja wa Diego Garcia alitaka kwenda mahali penye umbali wa kilomita 176 tu, naye aliogelea kilomita 1,306 kabla ya kufika. Habari hiyo ilitolewa mwaka wa 2022, na itawafariji wote waliopata kupotea njia kati ya Nyeri na Othaya.

Ndege wahamao twaweza kuwahakikisha hapa hapa Kenya. Katika mbuga ya Tsavo Magharibi, kwenye hoteli ya Ngulia, tangu mwaka wa 1969 wataalamu hunasa ndege katika usiku wa ukungu wa Novemba na Desemba, wakati taa zinapowavuta. Huwavika mguuni pete nyepesi yenye namba, kisha huwaachilia. Mamia ya maelfu wamevikwa pete, na baadhi ya pete hizo zimepatikana Uarabuni na Urusi.

Sasa, ni nini kinachowaua? Kwa kuwa maisha yao ni kinyume, ubaya unaompata mmoja si ubaya unaompata mwingine.

Kasa huuawa mmoja mmoja, na kila mmoja ni hasara ya miaka thelathini. Zamani wavuvi wa upande wa Lamu walimvua kwa ustadi wa ajabu: walimfunga kamba mkiani samaki aitwaye chazo, wakamwachilia, akaenda kujigandamiza juu ya gamba la kasa, wakamvuta. Njia hiyo ilikamata wachache. Jarife la nailoni hukamata yeyote apitaye, hata mvuvi akiwa amelala nyumbani, na kasa aliyenaswa asipopata kupanda juu kuvuta pumzi hufa maji kama mtu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 yakataza kumwua kasa. Lakini huko Watamu, ambako bahari imekuwa hifadhi tangu mwaka wa 1968, sheria imeongezewa busara: shirika lililoanzishwa mwaka wa 1997 humpa mvuvi fidia kidogo kwa kila kasa aliyenaswa kwa bahati mbaya akamleta hai, naye hupimwa, hutiwa alama na kurudishwa baharini. Maelfu wameokolewa hivyo. Nyama yenyewe pia si ya kuaminika. Mwezi wa Machi 2024, katika Kisiwa Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kula kasa, kwa maana nyama yake mara nyingine huwa na sumu isiyoondoka kwa kupikwa.

Mambo yameanza kutengenea. Mwezi wa Oktoba 2025 kasa huyu aliondolewa katika orodha ya wanyama walio hatarini duniani, baada ya kuonekana kwamba idadi yake ulimwenguni imeongezeka kwa karibu asilimia 28 tangu miaka ya 1970. Ni kazi ya miaka hamsini, na kwa hesabu ya kasa hiyo ni kama kizazi kimoja na nusu.

Mkagua-majani hafi kwa namna hiyo. Mtoto mwenye manati akimpiga mmoja amefanya vibaya, na yafaa akatazwe, lakini manati haiwezi kuwamaliza. Kinachowamaliza ni kuondolewa kwa mahali: ua likifyekwa likawekwa waya, miti ya mtoni ikikatwa, dawa ikinyunyizwa mpaka jani halina mdudu hata mmoja. Kusini mwa Uingereza ndege hawa wamepungua sana katika miongo ya karibuni, ingawa Scotland hali yao ni njema zaidi. Naye anahitaji mahali pa kuzalia, mahali pa kushukia njiani, na mahali pa kukaa miezi sita. Pakikosekana pamoja tu, mayai sita ya kila mwaka hayatoshi kujaza pengo.

Hapo ndipo Giakanja inapoingia katika habari hii. Ndege wengi wa aina hii hubadili manyoya yote mara moja kwa mwaka, bali mkagua-majani huyabadili mara mbili: mara moja huko kaskazini akiisha kuzaa, na mara ya pili akiwa Afrika, kabla ya kurudi. Kila unyoya wa bawa limbebalo kwenda Urusi umeota huku, kutokana na viwavi na chawa wa mimea aliowaokota katika miti ya Afrika, nao wataalamu wakipima unyoya huo waweza kukisia ulikoota.

Kasa pia hayuko mbali kama anavyodhaniwa. Mito ya Chania na Gura, ishukayo Nyandarua na kupita nchi ya Nyeri, huingia katika Sagana, na Sagana ndiyo Tana, ambayo hutokea baharini karibu na Kipini. Mabwawa kama Masinga, lililomalizika mwaka wa 1981, huzuia mengi njiani, lakini si yote. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi wa Agosti 2017, na kasa wamekutwa na plastiki tumboni, maana kiriba chembamba kinachoelea majini hufanana na chakula.

Wanaotaka kumtambua mkagua-majani wangoje mwezi wa Machi, manyoya mapya yakiisha kuota. Wakati huo, kabla ya kuondoka, huanza kuimba akiwa juu ya mti, wimbo mwororo unaoanza juu na kushuka polepole mpaka ukafifia, ambao wengi huusikia wakidhani ni wa ndege mwenyeji. Huimba majuma machache tu. Katika siku zizo hizo, huko Watamu na Lamu, kasa wengi huanza kupanda fukweni kutaga.